Ng'ombe Hali Nyasi: Vijiumbe vya Tumboni na Vimeng'enya Vyao

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru, akishaupita mji wa Gilgil na kuanza kuliona Ziwa Elmenteita likimetameta bondeni, huwa amefika Kariandusi. Wengi hupita bila kusimama. Wanaosimama huwa na mambo mawili ya kutazama. La kwanza ni mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya lava na mengine ya kioo cheusi cha volkano, ambayo Louis Leakey aliyagundua mnamo mwaka wa 1928 na kuyafukua katika miaka iliyofuata. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 700,000 na milioni moja. La pili ni kuta nyeupe pe za machimbo ya diatomaiti. Weupe huo si wa chokaa. Ni magamba ya diatomu, mwani mdogo mno usioonekana kwa macho, ulioishi katika maji ya ziwa la kale, ukafa, ukazama na kurundikana tabaka juu ya tabaka hadi ukawa mwamba.

Makala haya hayahusu mashoka wala diatomu. Yanahusu kitu cha tatu ambacho mgeni wa Kariandusi hukiona akakipuuza: ng'ombe aliyelala chini ya mgunga, macho yamelegea, taya zikienda upande huu na upande huu. Anacheua. Hata hivyo, mambo yale mawili ya kwanza hayako mbali na hili la tatu. Kuta nyeupe zinatukumbusha kwamba viumbe wasioonekana wanaweza kujenga mlima. Mashoka nayo yanatukumbusha kwamba binadamu wa kale aliishi katika bonde lililojaa nyasi ilhali hakuweza kuzila. Ili aifaidi nguvu iliyomo katika nyasi hizo, ilimlazimu kumngojea mnyama azile kwanza, kisha amchune mnyama huyo kwa jiwe. Watu wanaokula nyama choma pale Kikopey, kilomita chache tu kutoka kwenye mashoka hayo, bado wanaifuata njia ileile.

Swali letu basi ni hili: ng'ombe ana nini ambacho sisi hatuna? Jibu la haraka ambalo wengi wetu tulipewa shuleni ni kwamba ana matumbo manne. Jibu hilo si la uongo, ila limeliruka jambo lenyewe. Ng'ombe, kama binadamu, hana uwezo wa kuzimeng'enya nyasi. Katika seli zake zote hakuna hata kimeng'enya kimoja cha kuvunja selulosi. Kwa hakika, ng'ombe hali nyasi. Anazipeleka nyasi kwa viumbe wengine waishio ndani yake, nao wakisha kuzila, yeye huwala wao.

Ugumu wa unyasi

Tuanze na unyasi wenyewe. Kila seli ya mmea imezungushiwa ukuta, na tofali kuu la ukuta huo ni selulosi. Selulosi imeundwa kwa glukosi, sukari ileile iliyomo katika damu yetu. Wanga wa mahindi pia umeundwa kwa glukosi. Je, inawezekanaje basi ugali utushibishe ilhali karatasi, ambayo ni selulosi karibu tupu, haitushibishi?

Tofauti imo katika namna punje za glukosi zinavyoshikana mikono. Katika wanga, punje zote zimeelekea upande mmoja, na mnyororo wake hujipinda kama chemchemi ya saa. Mate yetu yana kimeng'enya kiitwacho amilasi ambacho huukata mnyororo huo kwa urahisi; ndiyo sababu ugali ukitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa na utamu. Katika selulosi, kila punje imepinduliwa kinyume cha jirani yake. Kupinduka huko kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Mnyororo unanyooka kama uzi uliovutwa, nyuzi zinalala sambamba, zinashikamana ubavu kwa ubavu, na maji hayapati mwanya wa kupenya. Aliyewahi kuona mkonge ukichakatwa katika mashamba ya Mogotio, kaskazini mwa Nakuru, ameiona selulosi kwa macho. Ule weupe mgumu unaosokotwa kamba ndio huo. Amilasi ya mate yetu ikiukuta uzi huo haina pa kushika.

Isitoshe, selulosi haikai peke yake. Imefungwa pamoja na hemiselulosi, ambayo ni mchanganyiko wa sukari za aina kadhaa zenye matawi, na mmea unapokomaa vyote viwili hupakwa lignini. Lignini ndiyo inayoufanya mti uwe mti na bua la mhindi liwe bua. Tutairudia, kwa sababu ndiyo inayomhuzunisha mfugaji wakati wa kiangazi.

Pipa la lita mia moja

Sasa tuingie tumboni. Chakula kikimezwa huingia katika rumeni, chumba cha kwanza na kikubwa kuliko vyote. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa chumba hiki huweza kubeba lita 100 na zaidi, na huujaza karibu upande wote wa kushoto wa tumbo. Ndani yake kumeota vinyweleo vinene, na anayenunua matumbo buchani atakitambua mara moja kipande hicho kinachofanana na taulo. Pembeni yake ipo retikulamu, yenye vyumba kama sega la nyuki. Kisha omasamu, yenye kurasa kama za kitabu, ambayo hufyonza maji. Na hatimaye abomasamu, ambayo ndiyo pekee inayofanana na tumbo letu kwa kutoa asidi na vimeng'enya vya mnyama mwenyewe.

Rumeni haitoi kimeng'enya chochote. Ni pipa la kuchachushia. Joto lake ni nyuzi 39 hivi, halina oksijeni, lina giza, na hutikiswa kila dakika kwa mikazo ya misuli. Ng'ombe hulimwagia mate yapatayo lita 100 au zaidi kwa siku, na mate hayo yana chumvichumvi ya kuipunguza nguvu asidi inayozalishwa humo. Kucheua ni sehemu ya kazi hiyo. Mnyama huyarudisha mabonge ya nyasi kinywani, huyatafuna upya na kuyameza tena, kwa jumla ya saa sita hadi nane kila siku. Tunaposema kwamba ng'ombe aliyelala amepumzika, tunamsingizia. Huo ndio wakati wake wa kazi.

Sasa tuwatazame wenyeji wa pipa hilo. Hapa niombe ruhusa ya kutumia neno vijiumbe badala ya vijidudu. Vijidudu katika Kiswahili cha kila siku ni jina la maradhi. Mtu akiambiwa ana vijidudu tumboni hukimbilia zahanati. Wakazi wa rumeni si maradhi. Bila wao, ng'ombe angekufa njaa huku nyasi zikimfika magotini.

Walio wengi ni bakteria. Mililita moja tu ya maji ya rumeni, yaani matone machache, huwa na bakteria zaidi ya bilioni 10. Baadhi yao, kama Fibrobacter succinogenes na Ruminococcus flavefaciens, ni mabingwa wa selulosi. Wengine hula wanga, wengine sukari, wengine hula mabaki ya wenzao. Kisha kuna protozoa, ambao ni wakubwa zaidi kuliko bakteria, wana vinyweleo vya kuogelea, nao huwameza bakteria kama samaki wakubwa wanavyowameza wadogo. Hawa walionekana mapema, mwaka wa 1843, na watafiti wawili, Gruby na Delafond. Wapo pia arkea, ambao tutawataja tutakapofika kwenye gesi.

Kundi la nne lina kisa chake. Kwa muda mrefu wataalamu waliviona katika maji ya rumeni vijiumbe fulani vyenye mikia, wakaviorodhesha miongoni mwa protozoa. Mnamo mwaka wa 1975 mtafiti Colin Orpin wa Uingereza alidai kwamba hivyo havikuwa protozoa hata kidogo. Vilikuwa mbegu ziogeleazo za kuvu. Dai hilo lilikuwa gumu kukubalika, maana vitabu vyote vilifundisha kwamba kuvu haiwezi kuishi bila oksijeni, na rumeni haina oksijeni. Hata hivyo, Orpin alikuwa na haki. Mbegu hizo zikikuta kipande cha bua hutua, hupoteza mkia, na kuota mizizi inayopenya ndani ya ukuta wa mmea, zikiupasua kama mzizi wa mgumu unavyopasua ukuta wa boma la kale. Bakteria hupata njia kupitia mipasuko hiyo. Kuvu hizo zilikuwa mbele ya macho ya wataalamu kwa miongo kadhaa, na kilichowazuia kuziona ni jina ambalo walikuwa wamekwisha kuzipa. Wanaisimu tuna la kujifunza hapo.

Aliyefungua njia ya utafiti huu wote ni Mmarekani Robert Hungate. Alianza kwa kuchunguza mchwa, ambao nao wanatunza vijiumbe vya kuwamegea mbao. Baadaye alibuni mbinu ya kuotesha bakteria katika mirija isiyoingia hewa, na kitabu chake cha mwaka wa 1966 juu ya rumeni kilikuwa msingi wa taaluma hii. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba Hungate hakuishia kwa ng'ombe wa kwao. Mwaka wa 1960 yeye na wenzake walichapisha ulinganisho wa uchachushaji katika rumeni za ng'ombe wa Kizungu na za zebu, ng'ombe wetu wa nundu.

Mikasi mitatu

Kimeng'enya ni protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu, yenye mfuko ambamo kitu kimoja tu, au vitu vichache vinavyofanana, vinaweza kuingia. Kikiingia hukatwa au huunganishwa, kisha huachiliwa, na kimeng'enya hubaki kilivyokuwa, tayari kwa kazi nyingine. Hakiliwi na kazi yake.

Kwa selulosi, kimeng'enya kimoja hakitoshi. Hebu tuifikirie kamba ya mkonge inayopaswa kurejeshwa kuwa punje. Kwanza unahitajika mkasi wa kuingia katikati ya kamba na kuikata mahali popote palipolegea; hicho ni kimeng'enya kiitwacho endoglukanasi. Kikisha kukata kinaacha ncha nyingi mpya. Mkasi wa pili huishika ncha na kutembea nayo, ukikata punje mbili mbili bila kuachilia. Wa tatu, betaglukosidasi, huichukua kila jozi na kuipasua ikawa glukosi mbili pweke. Ukiondoa mmoja wao, kazi nzima inakwama. Mkasi wa pili ungekosa ncha za kushika kama usingekuwapo wa kwanza, na jozi zisizopasuliwa hujaa na kuuziba mkasi wa pili. Kando ya mikasi hii mitatu ipo ya hemiselulosi, ambayo ni mingi zaidi kwa sababu hemiselulosi ina matawi na viungo vya kila namna.

Bakteria hawavimwagi vimeng'enya hivi ovyo katika pipa la lita 100, maana vingechukuliwa na mkondo na sukari ingeliwa na majirani wavivu. Ruminococcus flavefaciens hujenga nje ya mwili wake kiunzi cha protini, na juu ya kiunzi hicho huchomeka vimeng'enya vya kila aina, vikiwa vimepangika bega kwa bega. Chombo hicho kizima, kiitwacho selulosomu, kilitambuliwa kwanza mwaka wa 1983 katika bakteria mwingine asiye wa rumeni. Bakteria hujibandika kwenye unyasi, na sukari inapotoka hutoka mdomoni pake. Fibrobacter naye hujibandika barabara, ingawa hana kiunzi cha namna hiyo.

Wingi wa vimeng'enya hivi umewashangaza hata waliovitafuta. Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walitia unyasi katika rumeni ya ng'ombe, wakasoma jeni za vijiumbe vilivyojibandika juu yake, na wakapata jeni zaidi ya 27,000 zinazoelekea kuwa za vimeng'enya vya kuvunja sukari za mimea. Lengo lao halikuwa maziwa. Walitaka vimeng'enya vya kugeuza mabua kuwa mafuta ya magari. Mwaka wa 2018 mradi uliopewa jina la Hungate ulitoa jenomu za bakteria na arkea 410 wa rumeni waliooteshwa maabarani.

Kinachomfikia ng'ombe

Msomaji anaweza kudhani kwamba glukosi ikishapatikana, ng'ombe huifyonza. Sivyo. Vijiumbe havimpi. Huila glukosi yote, na kwa kuwa hakuna oksijeni, haviwezi kuichoma hadi mwisho. Hubakiza masalio, nayo ni asidi nyepesi tatu: ile ya siki, ile iitwayo propioniki, na ile ya butiriki ambayo ndiyo harufu ya siagi iliyoharibika. Asidi hizi hupenya katika kuta za rumeni na kuingia katika damu. Kwa hizo ng'ombe hupata takriban asilimia 70 ya nguvu yake. Ile ya siki hutumiwa kutengenezea mafuta ya maziwa. Ile ya propioniki huenda kwenye ini na kugeuzwa kuwa glukosi, kwa hiyo hata sukari iliyomo katika damu ya ng'ombe imejengwa upya kwa mabaki ya vijiumbe.

Na protini je? Hapa ndipo kichwa cha makala haya kinapopata haki yake. Vijiumbe huzaliana mfululizo, na mkondo wa chakula huvisukuma vingi vyao hadi abomasamu. Huko vinakutana na asidi, na pia na kimeng'enya kiitwacho lisozimu, ambacho hutoboa kuta za bakteria. Sisi tunacho katika machozi na mate kwa ajili ya kujikinga na maradhi. Ng'ombe amekihamishia tumboni na kukifanya kisu cha mezani. Nusu au zaidi ya protini inayofika katika utumbo mwembamba wa ng'ombe ni miili ya vijiumbe. Ajabu ni kwamba mbega, yule nyani wa mkia mrefu anayekula majani katika misitu yetu ya Bonde la Ufa, naye ana chumba cha kuchachushia na lisozimu tumboni, ingawa hana udugu wa karibu na ng'ombe. Koo hizo mbili zilipita njia mbali mbali zikafika kwenye kisu kilekile.

Punda hakubahatika hivyo. Pipa lake la kuchachushia liko nyuma, baada ya utumbo mwembamba, na vijiumbe vyake vingi hupotea pamoja na kinyesi. Ukitaka ushahidi, linganisha kinyesi cha punda na samadi ya ng'ombe. Cha kwanza kimejaa nyuzi za nyasi. Ya pili ni laini kiasi cha kukandikia nyumba.

Njaa ya vijiumbe

Nyanda za Gilgil na Elmenteita zilikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa mwaka wa 1904 ulipowahamisha ili kuwapisha walowezi. Leo kuna mashamba makubwa ya ng'ombe wa maziwa, kuna hifadhi za wanyamapori, na kuna maelfu ya wakulima wadogo wenye ng'ombe mmoja au wawili zizini. Wote hao, wajue wasijue, ni wachungaji wa vijiumbe. Mfugaji akimpa ng'ombe chakula, mla wa kwanza si ng'ombe.

Kwa mfano, mfugaji anaingia ghalani asubuhi na kukuta ng'ombe amevunja mlango usiku na kula mahindi nusu gunia. Kufikia jioni mnyama hasimami vizuri, hali, na anaharisha. Pengine kesho yake amekufa. Majirani hunong'ona kuhusu sumu au jicho baya. Hakuna sumu iliyotiwa. Wanga mwingi ulifika ghafla, na bakteria wapendao wanga walizaliana upesi kuliko wote. Walitoa asidi laktiki, ambayo ni kali kuliko zile tatu za kawaida, na mate hayakuweza kuizima. Asidi ilipozidi, mabingwa wa selulosi walikufa, kisha ikaingia katika damu. Mahindi hayohayo, yakiongezwa kidogo kidogo kwa wiki mbili au tatu, yangekuwa maziwa, kwa sababu jamii ya vijiumbe ingepata muda wa kujipanga upya.

Kiangazi nacho kina hesabu yake. Nyasi na mabua yaliyokauka yamejaa lignini, na lignini haivunjiki kwa urahisi pasipo oksijeni, ambayo rumeni haina. Mikasi yote tuliyoitaja husimama mbele ya ukuta huo. Fauka ya hayo, mabua hayana naitrojeni ya kutosha, na vijiumbe bila naitrojeni haviwezi kujenga miili yao wala vimeng'enya vyao. Ng'ombe anaweza basi kukonda huku tumbo likiwa limejaa. Hii ndiyo sababu ya kulisha mawe ya kulamba yenye molasi na kiasi kidogo cha urea. Urea ni sumu kwa mnyama ikizidi, na si chakula cha ng'ombe kwa vyovyote, ila bakteria huweza kuitoa naitrojeni yake na kuifanya protini. Hii ndiyo sababu pia ya kukata nyasi za nepia kabla hazijapita kimo cha mita moja hivi. Mkulima anayengoja zirefuke ili apate mzigo mkubwa anavuna lignini.

Utafiti uliofanywa Kenya umeonyesha jambo ambalo binafsi naliona zito. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, waliwalisha ng'ombe wa Borana chakula pungufu ya mahitaji yao, kama wanavyokula wengi wakati wa ukame, wakapima gesi waliyotoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2020 yalionyesha kwamba katika upungufu mkali wa chakula, methani inayotoka kwa kila kilo ya chakula huongezeka. Mnyama mwenye njaa hupoteza sehemu kubwa zaidi ya kile kidogo alichokipata. Mwaka huohuo watafiti wa ILRI na wa Scotland walichapisha jenomu 1,200 za vijiumbe kutoka katika rumeni za ng'ombe wa Kiafrika waliokuwa katika lishe hafifu. Hadi wakati huo, tuliyoyajua kuhusu rumeni yalitokana zaidi na ng'ombe walioshiba wa Ulaya, Marekani na Australia, nasi tulikuwa tukiyatumia kumshauri mfugaji ambaye ng'ombe wake hajawahi kushiba tangu Januari.

Kuna kisa kimoja cha Australia ambacho hata hivyo kinatufaa. Mti wa lusina, unaopandwa huku kwetu pia kwa lishe na kwa kuni, una sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe na mbuzi wa Australia walioula kwa wingi walinyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo. Mbuzi wa Hawaii waliula bila madhara. Mtafiti Raymond Jones alishuku kwamba tofauti haikuwa ya mbuzi bali ya wapangaji wao. Katika miaka ya 1980 maji ya rumeni ya mbuzi wa Hawaii yalipelekwa Australia na kumiminwa katika matumbo ya wanyama wa huko, nao wakaanza kuula mti uleule salama. Bakteria aliyehusika alipewa jina mwaka wa 1992: Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones. Mnyama hakubadilika hata unywele. Walibadilika wakazi wake.

Gesi, na maneno ya kuitajia

Uchachushaji hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikijaa vimeng'enya vya vijiumbe hukwama. Arkea ndio wanaolifagia pipa. Huiunganisha haidrojeni na hewa ya ukaa na kutoa methani, ambayo haina faida kwa ng'ombe na hubeba sehemu ya nguvu ya chakula, mara nyingi asilimia 6 hivi. Ikiingia angani huongeza joto la dunia. Wataalamu wa ILRI waliochapisha vipimo vya ng'ombe wa wakulima wadogo wa Nyando mwaka wa 2018 walifanya hivyo kwa sababu nchi zetu zilikuwa zikihesabiwa gesi kwa vipimo vya kukisia.

Hapa sisi wa Kiswahili tunaingia. Neno la Kizungu la kimeng'enya lilibuniwa na Mjerumani Kühne katika miaka ya 1870 kutokana na Kigiriki, likiwa na maana ya kilichomo ndani ya chachu. Wao walimtazama mwokaji mikate. Kiswahili kilitazama kinywa: kumeng'enya ni kuvunjavunja hadi kiwe laini, na kimeng'enya ni kitendacho hivyo. Neno hili limezoeleka katika vitabu vya Tanzania, ilhali huku Kenya, ambako sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, wengi huandika enzaimu na kuendelea. Sina ugomvi na enzaimu. Ila mfugaji wa Kariandusi akiambiwa kwamba ng'ombe wake amekosa enzaimu hataona kitu, na akiambiwa kwamba vijiumbe vya tumboni vimekosa vimeng'enya vya kuvunja mabua, atakuwa ameshaanza kuelewa kabla sentensi haijaisha.

Lugha za jirani zetu zina akiba ambayo hatujaigusa. Wagikuyu wana neno taatha kwa yale yaliyomo katika tumbo la mbuzi au kondoo, na waliyatumia katika ibada za kutakasa; kwao yale hayakuwa uchafu. Kiswahili, kwa kadiri niijuavyo, hakina neno moja la namna hiyo. Mchinjaji wetu huyaita mavi ya tumboni, na kwa jina hilo huyatupa.

Mahali pengine neno tunalo nasi hatulitumii. Habari za methani zinapotangazwa au kuandikwa, mara nyingi tunasoma kwamba ng'ombe huichafua hewa kwa ushuzi, na wasomaji hucheka. Ni kosa la tafsiri na la sayansi pia, kwa sababu sehemu kubwa mno ya methani ya ng'ombe hutoka kinywani. Kiswahili kina mbweu, na kina kitenzi kucheua, ambacho maana zake ni mbili: kurudisha chakula kinywani kwa kutafunwa tena, na kutoa hewa ya tumboni kwa njia hiyohiyo. Yule ng'ombe aliyelala chini ya mgunga anayafanya yote mawili kwa pamoja.